Kulima Alaska: Anza na Ghala, Mbegu Zije Mwisho

Mwaka wangu wa kwanza kulima Anchorage nilivuna sukuma wiki mpaka nikawagawia majirani kwa mifuko ya taka. Desemba ilipofika nilikuwa dukani nikinunua kabichi iliyosafiri kwa meli kutoka Tacoma, kama mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Kupanda nilijua, maana nimekulia shambani. Kuweka ndiko sikujua. Kule nilikotoka mboga ilikaa shambani ikikusubiri; hapa shamba linafungwa kama duka, na likishafungwa halifunguliwi hadi Mei.

Mwongozo huu ni kwa familia zetu zilizoko Anchorage, bonde la Matanuska-Susitna, rasi ya Kenai na Fairbanks: waliotoka Kivu na Katanga, Bujumbura, Kigoma, Nairobi. Aliyeko Tromsø au Oulu atapata ya kumfaa, ila tarehe azibadilishe na sheria za uvuvi azitafute za kwake. Nimepanga hatua kinyumenyume, kuanzia ghalani kurudi shambani, kwa sababu ndivyo ningependa mtu anifundishe mimi.

Kabla ya yote: chakula chako kinapita mlango gani?

Takwimu inayotajwa sana ni kwamba karibu asilimia 95 ya chakula kinachonunuliwa Alaska kinatoka nje ya jimbo. Wapo wanaobishia hesabu hiyo, lakini picha yenyewe haina mbishi. Meli za makontena huondoka Tacoma, jimbo la Washington, mara mbili kwa wiki, na sehemu kubwa ya mzigo hushushwa kwenye bandari moja tu, ya Anchorage. Barabara ya kupitia Kanada ipo tangu 1942, ila ni ndefu na wakati wa baridi ina mambo yake. Tarehe 30 Novemba 2018 tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilipasua barabara za mji huu, na hilo lilikuwa mtoto mbele ya lile la 27 Machi 1964, lililofika 9.2.

Usidhani mto ni kimbilio lisiloyumba. Aprili 2024 Marekani na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa samoni aina ya Chinook kwenye mto Yukon kwa miaka 7, kwa sababu samaki wamepungua mno. Vijiji vilivyoishi kwa samaki huyo vizazi na vizazi vimebaki na majukwaa ya kukaushia yaliyo matupu. Kwa hiyo nyumba inahitaji milango kadhaa ya chakula: duka, shamba, mto, friza na jirani. Mmoja ukifungwa, upite mwingine.

Hatua ya 1: Fanyeni hesabu ya Februari

Kaeni mezani na kalamu. Swali ni hili: Februari tutakula nini? Tangu mwanzo wa Oktoba hadi katikati ya Mei ni wiki 32 hivi ambazo ardhi haitoi kitu. Tuseme nyumba yenu ina watu sita na mnapika viazi mara tatu kwa wiki, kilo moja kila mara. Hizo ni kilo 96. Shina moja la kiazi, likitunzwa, hutoa nusu kilo hadi kilo nzima; chukua robo tatu uwe salama, utapata mashina 130. Ukipanda kila sentimita 30, unahitaji tuta la mita 40 na mbegu kilo 7 hivi. Sasa unajua ukubwa wa shamba lako kabla hujaomba kiwanja.

Mboga za majani fanya vivyo hivyo. Vifurushi viwili vya nusu kilo kwa wiki ni vifurushi 64 kwenye friza. Kwangu mashina 30 ya sukuma wiki yanatosha na kubaki. Karoti, bitiruti, vitunguu na kabichi utazikadiria mwenyewe, unajua watoto wako wanakula nini na wanasukuma nini pembeni ya sahani.

Ugali? Mahindi ya kukomaa kwa unga usiyategemee. Lakini Delta Junction, kusini-mashariki mwa Fairbanks, wanalima shayiri na kuisaga hukohuko. Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks kilitoa mwaka 2009 shayiri isiyo na maganda iitwayo Sunshine. Unga wa shayiri peke yake unanata na kuteleza. Changanya nusu kwa nusu na unga wa mahindi, songa kwa moto mdogo, hautakuangusha mbele ya mgeni. Mzee wa kwanza niliyempikia alitazama rangi akauliza kama ni wa mtama. Alimaliza.

Hatua ya 2: Tafuta pa kuweka

Watu wa hapa wa asili, Wadena'ina, walichimba mashimo ardhini ya kuhifadhia samoni wa majira ya baridi, na mabaki ya mashimo hayo bado yanaonekana rasi ya Kenai. Walijua kinachosumbua wageni hadi leo, kwamba baridi ukiipangia kazi inakuwa friji ya bure.

Viazi vinataka giza, nyuzijoto 3 hadi 5 za Selsiasi na hewa yenye unyevu. Vikiguswa na mwanga vinageuka kijani, na hicho kijani kinakuja pamoja na sumu, usimpe mtoto. Karoti na bitiruti zinapenda karibu sifuri, zikizikwa kwenye mchanga mbichi au pumba za mbao zilizoloweshwa kidogo, majani yakiwa yamekatwa. Kabichi hukaa vizuri karibu na sifuri pia, ila ina harufu, iweke mbali na mikate. Vitunguu ni kinyume: baridi ndiyo, unyevu hapana. Maboga yanataka pakavu, nyuzi 10 hadi 13, chini ya kitanda cha chumba kisichopashwa joto sana.

Wengi tunakaa nyumba za kupanga zisizo na chumba cha chini ya ardhi. Gereji isiyo na hita inafaa: panga masanduku mbali na ukuta wa nje, yazungushie maboksi na blanketi kuukuu, weka kipimajoto ndani. Nje kukifika nyuzi 20 chini ya sifuri, sogeza masanduku ukuta wa upande wa nyumba au ingiza ndani usiku huo. Kiazi kilichoganda hakina dawa. Kikiyeyuka kinakuwa uji mweusi. Usiye na gereji, panga na mwenye nayo na umlipe kwa viazi.

Friza ya kifua, ile inayofunguka kwa juu, ndiyo ununuzi wa kwanza ninaoshauri, kabla ya jembe zuri. Ikiwa imejaa na haifunguliwi, hushikilia baridi yake siku mbili hivi umeme ukikatika.

Hatua ya 3: Pasha udongo moto

Hapa ndipo wengi wetu tunashindwa. Tunaangalia hewa, tunaona Mei jua kali, watoto wanatembea na fulana, tunapanda. Mche unakaa wiki tatu bila kusogea, unageuka zambarau, unakufa. Mizizi ilikuwa ndani ya udongo wa nyuzi 4. Udongo baridi hauachii fosforasi, na vijidudu vinavyooza samadi bado vimelala.

Nunua kipimajoto cha udongo, ni bei ya soda chache. Kichomeke sentimita 10 chini, asubuhi, siku tatu mfululizo. Njegere na saladi zinakubali nyuzi 5. Viazi vinataka 7. Miche ya kabichi na sukuma wiki, 10. Maharage, maboga na mchicha, usithubutu chini ya 16.

Namna za kupandisha joto hilo ni hizi. Inua matuta sentimita 20 hadi 30. Udongo ulioinuka hupata jua ubavuni na kumwaga maji ya theluji upesi. Chagua mteremko unaotazama kusini, kwa sababu jua hapa halipandi utosini hata Juni, linazunguka pembeni. Theluji ya mwisho isiyotaka kwenda inyunyizie majivu kiasi au udongo mweusi mwezi Aprili, itayeyuka mbio. Kisha tandika plastiki wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda. Ile inayopitisha mwanga hupasha udongo kuliko nyeusi, kwa kuwa miale inafika ardhini yenyewe. Taabu yake ni magugu yanayofurahia joto hilo kama wewe. Kwa mimea inayotaka joto mimi naivumilia. Kwa kabichi sihangaiki na plastiki kabisa.

Maji nayo. Anchorage maji ya bomba yanatoka ziwa Eklutna na kijito cha Ship Creek, ni maji ya barafu na theluji. Ukimwagilia moja kwa moja unafuta kazi ya jua ya siku nzima. Weka pipa jeusi juani, lijaze jioni, mwagilia kesho yake. Mei na Juni ni vikavu hapa, mvua zinakuja Agosti na Septemba wakati huzihitaji, kwa hiyo pipa hilo litafanya kazi.

Mlioko Fairbanks mna jambo la ziada: ardhi iliyoganda tangu enzi, isiyoyeyuka hata kiangazi. Blanketi yake ni kuvumwani na matandazo mazito ya juu. Ukiyafyeka, barafu ya chini inaanza kuyeyuka, na shamba linadidimia na kufanya mashimo; kuna mashamba ya zamani huko yaliyoharibika hivyo. Soma miti kabla ya kukubali kiwanja. Misprusi myeusi, midogo na myembamba, iliyoinama kama imetoka kilabuni, ni dalili ya barafu karibu. Mibetula yenye gome jeupe na misprusi mikubwa myeupe kwenye kilima kinachotazama kusini ni habari njema. Tena kilimani kuna joto kuliko bondeni, maana hewa baridi ni nzito, hutiririka usiku na kulala chini.

Kuhusu rutuba: udongo wa huku mara nyingi ni mchachu. Ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks itakuelekeza namna ya kupima. Ukiambiwa uweke chokaa, weka, isipokuwa pale utakapopanda viazi. Viazi kwenye udongo wenye chokaa vinatoka magamba. Karibu na nyumba kuukuu za mjini pima na madini ya risasi pia.

Na samadi. Mwaka wa pili nilipewa samadi ya farasi, gari zima, bure, nikashukuru. Nyanya zote zilijikunja majani kama ngumi. Farasi walikuwa wamekula nyasi zilizopuliziwa dawa ya magugu ambayo haifi tumboni wala kwenye lundo. Tangu hapo kila samadi naijaribu: nachanganya kidogo na udongo kwenye makopo matatu, napanda maharage, nasubiri wiki tatu. Yakinyooka, naipokea. Yakijikunja, naisindikiza mlangoni.

Hatua ya 4: Chagua mimea inayojua siku ndefu

Saa za Kiswahili zinavunjika hapa. Tarehe 21 Juni jua la Anchorage linachomoza saa kumi na dakika ishirini usiku, tunayouita usiku kwa mazoea tu, na linazama saa sita kasoro. Mchana una urefu wa saa 19 na dakika 21. Fairbanks ni karibu 22. Kwa mmea mwanga huo ni karamu, ndiyo maana kwenye maonyesho ya Palmer mwaka 2012 lilipimwa kabichi la kilo 62.7, rekodi ya dunia. Lakini mwanga mrefu pia unawadanganya baadhi, wanadhani msimu umekwisha na kukimbilia kutoa maua.

Mfano mzuri ni spinachi. Ile tunayoiita spinachi Nairobi na Arusha, yenye majani mapana na bua jeupe nene, ni jamaa ya bitiruti, na hapa inastawi msimu mzima. Ile ya Wamarekani, ndogo laini, ni mmea mwingine. Mwezi Juni inatoa maua kabla hujala mara mbili. Dukani angalia picha kwenye pakiti usitazame jina. Figili nayo ipande mapema Mei au mwishoni mwa Julai, katikati haina maana. Vitunguu tafuta mbegu za siku ndefu.

Usihangaike sana na haya mengine, yanajiotea: sukuma wiki, kabichi, brokoli, viazi, karoti, tanipu, njegere, saladi, bitiruti. Karoti za huku ni tamu kuliko zote nilizowahi kula, kwa sababu usiku wa baridi wa Septemba hugeuza wanga kuwa sukari. Chagua aina za siku 55 hadi 75. Mbegu za viazi nunua zilizothibitishwa hazina magonjwa. Kituo cha mimea cha jimbo kilichoko Palmer kinasimamia usafi wake. Usipande viazi vya dukani kutoka majimbo mengine ya Marekani, utatuletea ukungu sote.

Sasa mboga zetu. Mchicha, ndugu zangu wa Kongo mnaita lengalenga, unataka joto. Uwanjani unadumaa, ndani ya banda la plastiki unafika kiunoni. Matembele pia, bandani, kwa vipande vilivyooteshwa ndani ya nyumba tangu Machi. Majani ya maboga na kunde, bandani. Sombe, yaani kisamvu, sahau. Muhogo unahitaji joto la miezi mingi, nunua ya kuganda na nafsi yako ipumzike. Mnavu unaota, ila hakikisha mbegu zimetoka kwa mtu anayezijua, maana jamii hiyo ina ndugu wenye sumu.

Hatua ya 5: Miche ndani, kisha nje kwa adabu

Vitunguu vinaanza mwishoni mwa Februari, nyanya Machi, kabichi na ndugu zake katikati ya Aprili, maboga mwanzo wa Mei. Dirisha halitoshi. Taa za LED za kawaida za dukani zinafaa, zikining'inia sentimita 5 hadi 10 juu ya majani, saa 14 hadi 16 kwa siku. Pitisha mkono juu ya miche kila unapopita, au washa feni ndogo. Shina linakuwa nene.

Kuizoesha nje kunachukua siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza saa moja kivulini, na kuongeza taratibu. Jua la Mei lisilozama linababua jani lililolelewa na taa kama pasi ya mkaa, nimepoteza trei nzima kwa mchana mmoja wa uvivu.

Lini kupanda? Wakulima wa Anchorage wanangoja wiki ya mwisho ya Mei, Fairbanks tarehe 1 Juni. Wazee wa huku wana kipimo kingine ninachokiamini kuliko kalenda: jani la mbetula likifikia ukubwa wa sikio la kindi, udongo uko tayari kwa mimea migumu. Hata hivyo weka kitambaa chepesi cha kufunikia karibu. Jalidi la Juni, yaani baridi ya kugandisha mimea, linatokea.

Hatua ya 6: Wezi watatu

Wa kwanza ni inzi mdogo anayetaga kwenye shina la kabichi, na funza wake wanakula mizizi. Unaona mche umenyauka adhuhuri ingawa umemwagilia, ung'oe, utawakuta. Funika matuta kwa kitambaa chepesi siku ileile unayopanda, zika kingo zake, na usipande jamii ya kabichi mahali palepale mwaka unaofuata, maana funza waliolala ardhini watatokea ndani ya kitambaa.

Wa pili ni muusi, paa mkubwa kushinda ng'ombe. Anaruka ua wa kawaida bila kukimbia. Unahitaji ua wa mita 2.4 au waya wa umeme. Anapenda brokoli na anachagua siku moja kabla ya siku yako ya kuvuna, sijui nani anampa ratiba. Usimfukuze kwa kelele ukiwa karibu, hasa mwenye ndama, ameua watu.

Wa tatu ni dubu, na huyu unamwita mwenyewe. Vichwa vya samaki kwenye lundo la mboji, kuku wasio na waya wa umeme, chakula cha kuku kilichomwagika. Mboji yako iwe ya majani tu na mabaki ya mboga, lundo lisipungue mita moja kila upande ili lishike joto.

Hatua ya 7: Banda la plastiki

Banda lisilo na hita, mabomba yaliyopinda na nailoni juu, linaongeza wiki tatu hadi nne kila upande wa msimu na kukupa joto la mchicha. Mji wa Homer umejaa mabanda hayo, kwa sehemu kubwa kutokana na ruzuku ya idara ya shirikisho ya uhifadhi wa ardhi, NRCS. Mkimbizi au mkulima mpya mwenye kibali cha kutumia ardhi anaweza kuomba. Uliza kama unaweza kulipwa sehemu ya fedha kabla ya kujenga, kwa sababu kawaida malipo huja banda likishasimama, na wengi hukwama hapo.

Mchana wa Juni banda lililofungwa linafika nyuzi 40. Kunja nailoni ya pembeni kila asubuhi, au mchicha wako utapikwa ukiwa bado ardhini. Joto la kununua mimi silishauri. Bei ya umeme na mafuta vijijini imewashinda wengi waliojaribu kulima ndani ya makontena yenye taa. Wenye bahati ni kama Chena Hot Springs, karibu na Fairbanks, wanaopasha kitalu chao kwa maji moto ya ardhini na kuvuna saladi nje kukiwa nyuzi 40 chini ya sifuri.

Hatua ya 8: Nenda mtoni Julai

Ukiwa mkazi wa Alaska aliyekaa miezi 12, mwenye leseni ya uvuvi, una haki ya kuvua samoni wa matumizi ya nyumbani kwa wavu wa mpini mrefu. Mto Kenai hufunguliwa tarehe 10 hadi 31 Julai, na Kasilof karibu nao hufunguliwa mapema zaidi, tarehe 25 Juni hadi 7 Agosti. Kibali cha eneo hilo ni cha kaya: samaki 25 kwa mkuu wa kaya na 10 kwa kila mtu mwingine. Familia ya sita ina haki ya 75. Kata ncha mbili za mkia wa kila samaki na uandike idadi kwenye kibali kabla hujaondoka ufukweni. Maafisa wanakagua na faini si mchezo. Angalia matangazo ya idara ya samaki na wanyamapori kabla ya safari, mto unaweza kufungwa wakati wowote samaki wakipungua.

Maji yale ni baridi ya kuua. Vaa koti la kujiokoa, watoto wabaki juu, na nendeni kundi moja: mmoja anashika wavu, mmoja anapiga samaki rungu na kumtoa damu, mmoja na barafu. Samaki asiyewekwa kwenye barafu saa ileile hana faida Februari.

Hatua ya 9: Kuweka bila kuua mtu

Sukuma wiki na mchicha: chemsha maji, tumbukiza dakika mbili, toa uingize kwenye maji ya barafu, kamua, funga, andika tarehe, gandisha. Njegere dakika moja na nusu. Viazi vikichimbwa mwanzo wa Septemba vikae wiki mbili kwenye giza la nyuzi 10 hadi 13 ngozi ikomae, ndipo viende baridini. Usivioshe.

Kwenye kuhifadhi chakula ndani ya chupa ndipo ninapopandisha sauti. Alaska inaongoza Marekani kwa sumu ya botulismu itokanayo na chakula. Kijidudu chake hakifi kwenye maji yanayochemka, na chakula chenye sumu hiyo kinaweza kuonekana na kunukia vizuri kabisa. Samaki, nyama, maharage na mboga za majani kwenye chupa lazima vipikwe kwa mtungi wa presha uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ambapo joto hufika nyuzi 116. Samoni kwenye chupa za nusu lita hivi, zile ziitwazo painti, ni dakika 100. Dakika zihesabiwe baada ya presha kufika, na presha ikishuka katikati unaanza moja. Mtungi wa kupikia maharage nyumbani hautoshi. Mtungi wenye saa ya presha upeleke ofisi ya ugani ukapimwe. Kachumbari ya siki na jamu za matunda pori ndizo zinazoruhusiwa kwenye maji ya kawaida.

Hatua ya 10: Usilime peke yako

Mtungi huo ni ghali na unafanya kazi wiki nne kwa mwaka. Hakuna haja kila nyumba kuwa nao. Upatu, chama, likelemba, ikimina, iteni mnavyoita, lakini badala ya kugawana fedha taslimu, zamu ya kwanza inunue mtungi, ya pili friza, ya tatu nailoni ya banda. Kundi letu liligombana mara moja tu, juu ya nani awe na mtungi wiki ya samaki, na tukaandika ratiba ukutani.

Ardhi ipo ya kukodi vipande vidogo kwenye bustani za umma za Anchorage, na mtaa wa Mountain View kuna Grow North Farm, ambako wakulima wakimbizi wanalima na kuuza. Nenda hata kama huna mpango wa kuuza. Mama mmoja wa Uvira ndiye aliyenifundisha kufunika matuta, na hakunitoza ila chai.

Hatua ya mwisho ni ya Oktoba

Majani yameanguka, umechoka, unataka kufunga geti. Bado. Toa plastiki, rudisha mboji, andika kwenye daftari kilichoota wapi na jalidi la kwanza lilikuja lini. Kisha panda vitunguu saumu, aina yenye bua gumu katikati, punje sentimita 7 chini na 15 kati yake, ufunike kwa majani makavu au nyasi sentimita 15 kwenda juu. Vitalala chini ya theluji na kuchipua kabla hata hujaamka, tayari kuvunwa Agosti. Theluji ya kwanza ikikukuta hujamaliza, ifagie, endelea kupanda. Udongo wa chini yake bado haujaganda.